Mashine ya Mutwiri na Sahihi Ishirini na Sita

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wiki ya tano ya ndoa. Bado naamka mapema ili nimtazame Mutwiri kabla hajafumbua macho. Nyusi zake zina unga hata baada ya kuoga. Nimemwambia ni mvi za hekima zilizowahi. Akasema ni unga.

Saa kumi na moja na nusu akaenda uani kuwasha mashine yake ya posho, ya kusaga unga. Dirisha likatetemeka, vikombe vikatetemeka, nami nikatetemeka. Kuna wasichana waliochumbiwa kwa gitaa. Mimi nilichumbiwa kwetu Kiritiri, juu ya gunia la ndengu ambalo Mutwiri alikuja kununua akasahau kulibeba. Mtu kama huyo akiwa na mashine inayonguruma, unaipenda pia. Aliuza ng'ombe wawili aliopewa na baba yake ili ainunue. Saruji inapokaa aliimwaga kwa mikono yake.

Saa nne ikaja barua. Aliyeileta ni Antony, katibu wa Kamati ya Ushauri ya Wakazi, ile ya watu saba inayopokea malalamiko ya mtaa na kuyafikisha mjini. Anayelalamika ni jirani yetu wa ukutani, Mwalimu Felicitas. Kelele kabla ya jua. Vumbi kwenye nguo alizoanika. Nyufa. Anaomba mashine ihamishwe. Nilipofika kwenye "ihamishwe" nikaikunja barua. Sikuwa na haja ya kuendelea.

Tutasikizwa Alhamisi ya tarehe 13. Antony akaeleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kupeleka habari mbaya, kwamba kamati haina uwezo wa kuamuru, inashauri tu. Ila leseni ya Mutwiri inaisha mwisho wa mwezi, na ofisi ya leseni haigongi muhuri bila barua ya kamati. Kwa hivyo wanakushauri, nawe una uhuru wa kutii.

Felicitas huyo huyo! Wiki mbili tu zimepita tangu aje na akina mama wa mtaa kuniletea vyombo, kama ilivyo desturi, nisianze nyumba mikono mitupu. Sufuria yake ndiyo kubwa kuliko zote. Leo nimepikia githeri humo kwa hasira. Ikawa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Mutwiri amesema tuanze kusaga saa mbili, maneno yaishe. Mpole sana huyu mwanamume. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi

Harusini tulipewa mablanketi tisa. Watu wawili hawahitaji mablanketi tisa, hasa wakipendana. Nimeyatundika saba kwenye kuta za kibanda cha mashine ili yanyonye kelele. Kisha nikaenda kusimama karibu na ukuta wa Felicitas, nikasikiliza. Kimya kitupu. Nikafurahi hadi machozi. Mutwiri akanijulisha kwamba hajawasha.

Akawasha. Blanketi la zambarau, lenye picha ya simba, likadondoka kwenye mkanda. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika. Felicitas akachungulia juu ya ukuta, kilemba kichwani, akauliza kama leo tunasaga ng'ombe.

Mutwiri akamjibu, "Hapana Mwalimu, ni blanketi."

Hiyo ndiyo kasoro yake moja. Ukimwuliza kitu, anakujibu.

Mchana wateja watatu wamerudi kusema ugali wao una nywele za zambarau. Nimewaambia ni aina mpya ya mahindi. Mutwiri amewasagia upya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua dawa. Jogoo anawika saa kumi alfajiri pale pale ukutani kwa Felicitas. Saa kumi! Kabla ya mashine kabisa. Nikaandika lalamiko langu, kurasa mbili, kwa mwandiko ule ulionipa zawadi kidato cha tatu: kwamba mwalimu mzima, aliyestaafu kwa heshima, anafuga ndege anayevuruga ndoa changa. Nikampelekea Antony. Akalipokea, akaligonga muhuri.

Jioni akaja kuchunguza, daftari kwapani. Akasikiliza. Akazunguka ukuta. Akarudi kuniuliza kwa adabu huyu jogoo aliyefungwa kwenye mguu wa meza yetu ya uani ni wa nani.

Ni wetu. Nelius, mama wa mboga wa hapa jirani, alimleta siku ile ya vyombo. Nilidhani anawika kutoka ng'ambo. Ukuta una mwangwi.

Nimeliondoa lalamiko. Nimemwondoa na jogoo pia, tumemla leo na chapati. Mutwiri aliniachia paja, akasema nimechoka. Nimemtazama akiguguna shingo kwenye mwanga wa balbu, nikajiuliza kama kuna mwanamke Meru nzima aliyebarikiwa hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Antony amenidokeza kwamba kamati huwa inaheshimu sahihi. Mtu akileta wakazi ishirini na watano waliosaini kumuunga mkono, kamati humshauri vizuri.

Nimetembea mtaa mzima tangu asubuhi nikiwa na kalamu mbili. Matokeo: sahihi nne. Yangu. Ya Mutwiri, aliyeuliza kwanza kama inaruhusiwa. Ya mzee mmoja aliyetoka Ruiri kumwona mjukuu na anarudi kesho. Ya nne ni ya mtu aliyedhani ni orodha ya mbolea.

Wengine wote wana hofu. Felicitas aliwafundisha nusu yao hesabu, na nusu nyingine aliwafundishia watoto. Fundi viatu amesema anaipenda mashine sana, lakini akisaini Mwalimu atamwuliza sababu, na akimjibu vibaya atamwambia asimame. Ana miaka hamsini na miwili.

Nelius hakuwa nyumbani. Alikuwa sokoni Gakoromone na kabichi zake.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri yalikuwa juu ya mwanamke mwema, asiyekula chakula cha uvivu. Mutwiri alinigusa kiwiko. Nilikuwa nimesinzia, lakini nilielewa alichomaanisha.

Baada ya ibada nikapanga vyombo kabatini, na ndipo daftari likadondoka. Daftari la siku ile ya kutembelewa! Nelius ndiye aliyeliandika. Mtaa huu uliwahi kugombana mwaka mzima juu ya nani alitoa beseni na nani alitoa kijiko akajisifia beseni, kwa hivyo siku hizi kila mama anaandikwa jina, na mbele yake kitu alicholeta, na mbele yake anatia sahihi.

Majina ishirini na sita. Sahihi ishirini na sita. Wanawake wa mtaa huu huu, wazima, wenye kalamu zao.

Moyo ulinienda mbio kama siku ile ya ndengu.

Nilijiuliza kama ni udanganyifu. Nikajijibu. Walikuja nyumbani kwa nani? Kwa Mutwiri. Walikuwa wanamtakia nini? Heri. Mashine si sehemu ya heri yake? Basi walisaini kwa ajili ya mashine bila kujua, na kuna mambo mengi mema tunayafanya bila kujua.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imekamilika. Juu nimeandika: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaiunga mkono mashine ya Mutwiri kwa moyo wote." Chini nikaugundisha ukurasa wa Nelius kwa uji mzito. Kichwa chake kilichosema "Waliomtembelea bibi arusi" nimekikata kwa wembe.

Ile safu ya katikati, ya vitu, ilinisumbua kidogo. Nikiikata, jina litabaki huku na sahihi kule. Nimeiacha. Kamati husoma majina na kuhesabu. Nani atajali mambo ya beseni?

Nikaiwasilisha saa tisa. Antony akahesabu kwa ncha ya kalamu, akafika ishirini na sita, akanitazama kwa heshima mpya.

Mutwiri ameuliza nimezipata wapi. Nimemwambia mapenzi hufungua milango. Amesema kesho atawaambia kamati tuanze saa mbili tu, ndiyo rahisi. Nimemsihi asifungue mdomo. Nikampigia shati pasi mikunjo yote ikaisha.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika viatu vikiwa bado miguuni.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti ni Mzee Kailemia, aliyewahi kuwa karani wa chama cha kahawa na bado anashika kalamu kama anampunguzia mtu kilo. Maombi. Kujitambulisha, mmoja mmoja, hadi mtoto aliyebebwa. Kisha mtaro ulioziba nyuma ya soko. Kamati ilishauri uzibuliwe mwaka juzi, ikashauri tena mwaka jana, na leo imeshauri kwamba ushauri wake ukumbushwe. Watu wakapiga makofi. Saa nzima na nusu hiyo.

Ndipo tukaitwa. Antony akasimama na karatasi yangu. Akasoma kichwa, vizuri kabisa. Nikamfinya Mutwiri mkono. Mzee Kailemia akasema orodha isomwe yote kama ilivyo, ili isije ikasemwa kamati inaficha.

Antony akasoma. Nambari moja, Nelius, jogoo mmoja. Nambari mbili, Mama Kinya, themosi na vikombe. Nambari tatu, beseni la bluu. Nambari nne, blanketi.

Nambari saba watu wa nyuma walikuwa wamesogea mbele. Nambari kumi Mzee Kailemia alivua miwani. Akamwuliza Antony, polepole, kama anaelewa vizuri: kila aliyesaini amepewa kitu?

Antony akaitazama karatasi. Akasema ndivyo inavyoonekana, mwenyekiti.

Mzee Kailemia akamgeukia Mutwiri, akamwuliza mtu anasaga magunia mangapi hadi aweze kuhonga mtaa themosi.

Ukumbi ukachemka. Mwanamume mmoja wa nyuma akalalamika kwa uchungu: anakaa mlango wa tatu kutoka kwa mashine na hajaona hata kijiko. Mwingine akauliza kama zoezi linaendelea, maana yeye yuko tayari kusaini kwa blanketi moja tu, hata lisilo na simba. Fundi viatu akasema angejua, asingeogopa.

Antony akaendelea, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Nambari kumi na tisa, Mwalimu Felicitas, sufuria kubwa na kifuniko.

Nilikuwa nimemsahau.

Mwalimu Felicitas akainuka. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema, "Mwenyekiti, sufuria hiyo niliinunua mimi, Gakoromone, nikaibeba kichwani hadi kwa huyu msichana. Sasa naambiwa nimehongwa nayo ili niiunge mkono mashine dhidi yangu mwenyewe."

Macho yote kwangu. Nilikuwa na njia mbili. Kusema kwamba akina mama hawakusaini kwa ajili ya mashine, au kusema kwamba tulitoa zawadi. Njia ya kwanza ilinifanya mimi mwongo. Ya pili ilimfanya Mutwiri mkarimu. Nikachagua ukarimu wake. Nikasimama nikasema ndiyo, mume wangu ana moyo mkubwa, hutoa bila kuhesabu.

Nelius alikuwa amesimama kabla sijaketi. "Mlinipa mimi jogoo? Wewe mtoto wa Kiritiri, jogoo mlimtoa wapi? Yule ni wangu, nilimlea kwa majani ya kabichi! Yuko wapi sasa?"

Mutwiri akasimama. Akavua kofia, unga ukamdondokea begani. Akasema hivi vitu vililetwa na akina mama kwa mke wake, na hakuna hata mmoja aliyesaini kwa ajili ya mashine. Akasema yeye hajamhonga mtu, na anaomba msamaha kwa Mwalimu. Akaomba aruhusiwe kuanza kusaga saa mbili. Sijawahi kumpenda kama pale.

Mwalimu Felicitas akasema hicho ndicho tu alichoomba. Ihamishwe, au ianze saa mbili. Akamwomba Antony asome mstari wa mwisho wa barua yake ya kwanza. Antony akausoma. Upo.

Sasa nani husoma barua hadi mwisho?

Mzee Kailemia akasema jana saa mbili ingetosha. Leo kuna karatasi ya uongo mezani, na kamati haiwezi kuandika barua njema juu yake. Wakashauri mashine ihame mtaa huu kabla ya mwisho wa mwezi. Walishauri wakiwa wote saba, mikono juu. Kisha soda.

Mutwiri hakunywa yake. Nilimnywea.

Ijumaa, 14 Machi

Wamekuja kuchukua vyombo vyao.

Nelius ndiye aliyewaongoza. Ameeleza mlangoni kwamba majina yao yamesomwa ukumbini kama ya watu waliohongwa, na njia pekee ya kuonyesha kwamba kitu kilikuwa chako ni kuonekana ukikibeba kurudi nacho kwako. Wakapita barabarani mchana kweupe, themosi juu, beseni juu, kama maandamano. Wengine waliomba radhi walipokuwa wakichukua. Mama Kinya alimwaga chai iliyokuwa ndani kwenye kikombe changu, ili isipotee, kisha akakumbuka kwamba na kikombe ni chake.

Nelius alidai jogoo. Nilimpa manyoya ya mkia. Akayabeba juu, kama wenzake.

Mwalimu Felicitas alikuja wa mwisho, peke yake. Nikamletea sufuria, nimeisugua inang'aa. Akasema aliitoa kwa harusi, hakuitoa kwa mashine, na harusi haijahamishwa. Akaniambia nipike. Akaondoka.

Nimeifikiria hiyo ziara jioni nzima. Nadhani ananiogopa.

Wakati wa kulala Mutwiri alizima taa. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, kwamba siku nyingine nisome mambo hadi mwisho. Nikamwegemea kifuani. Ni mara chache mume humwomba mkewe asome.

Jumamosi, 29 Machi

Mashine imeondoka leo kwa mkokoteni wa watu wanne. Mutwiri amepata chumba Gakoromone, kati ya muuza maharagwe na muuza mitumba. Kodi ni kubwa, na bibi wa hapa mtaani waliokuwa wakimletea debe moja moja hawatatembea hadi kule. Bibi mmoja alikuja leo hajui, akiwa na mahindi yake kwenye leso. Mutwiri alimsindikiza hadi nyumbani, akambebea, akaahidi kwamba kila Jumamosi atakuja kuyachukua mwenyewe.

Akarudi akafagia ile saruji. Haina kitu juu yake, lakini aliifagia, kona zote. Kisha akasimama na ufagio.

Nilisimama dirishani. Dirisha lilikuwa limetulia kabisa.

Nikamwekea maji ya kuoga.

Jumatano, 2 Aprili

Lazima niseme Gakoromone ina uzuri wake. Zamani mume wangu alikuwa uani tu. Sasa anaondoka na kurudi, na kila jioni ni kama tumekutana upya. Saa saba nampelekea chakula. Leo alikuwa na unga hadi kwenye kope. Nikampangusa mbele ya watu.

Tatizo moja dogo. Muuza maharagwe, Kailu, anasema vumbi letu linafanya njahi yake nyeusi ionekane kama maharagwe meupe, na wateja wanampunja bei. Amesema atalipeleka kwa kamati ya soko. Mutwiri anataka kununua turubai, kulitundika katikati, na kumpa Kailu unga wa radhi. Nimemwambia aniachie mimi.

Kwa bahati, akina mama wa soko walikuwa wanachagua viongozi wa kikundi chao cha kusaidiana wakati wa misiba. Nafasi ya katibu hakuna aliyeitaka, kwa sababu katibu ndiye anayezunguka na daftari kila wiki, meza hadi meza, na kila mwanachama lazima atie sahihi. Nikainua mkono. Nimepita bila kupingwa.

Wanachama ni themanini na wanne. Jioni hii nimepiga mistari kurasa zote kwa rula: jina, kisha sahihi. Safu ya vitu sijaweka. Juu nimeacha nafasi tupu, vidole vitatu hivi. Kichwa nitaandika baadaye.